Punguza Chumvi, Usipunguze Chakula: Maswali Yenu Kuhusu Ini

Barua nyingi za safari hii zinahusu ini lililoota makovu na kukakamaa, ugonjwa ambao hospitalini mara nyingi huitwa sirosisi. Kwa wengine ulianzia kwenye homa ya ini aina ya B, kwa wengine kwenye kichocho cha ziwani au pombe. Karibu kila barua inataja chakula ambacho mgonjwa amekatazwa, na mara nyingi hicho ndicho anachokihitaji. Vitu vinavyomdhuru kweli bado vipo jikoni, hakuna aliyevigusa. Barua tumezifupisha.

Mume wangu ana homa ya ini B, na tumeambiwa ini limeshakakamaa. Mizani inasoma kilo 66, ila naona sehemu ni maji ya tumbo. Wakwe zangu wameniagiza nimwondolee nyama, mayai, maharagwe na mafuta ili ini lipumzike. Sasa anaishi kwa uji mwepesi na dodo (mchicha) ya kuchemsha. Mikono imekonda mpaka pete inadondoka. — Mke wa mgonjwa, Arua

Mama, mrudishie chakula leo hii. Pete inayodondoka ni dalili kwamba misuli inaliwa, na kwa mgonjwa wa ini misuli si nguvu za kulimia tu. Ini likishindwa kusafisha amonia, ile taka inayotokana na protini, misuli hulisaidia kuiondoa kwenye damu. Ukimkondesha, unamnyang'anya msaidizi wa ini lake.

Wakwe zako hawakubuni jambo hilo. Kuna wakati hata madaktari waliwanyima wagonjwa hawa protini wakihofia amonia hiyo hiyo. Ushauri huo umeshaachwa, ila habari ya kuacha haikusafiri mbali kama ile ya kukataza.

Kipimo cha sasa ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili, na maji ya tumbo hayahesabiwi. Tukimkadiria mumeo kilo 60, anahitaji gramu 72 hadi 90 kwa siku. Asubuhi mpe uji mzito wa wimbi uliopikwa kwa kikombe kizima cha maziwa, pamoja na yai moja la kuchemsha: hapo umepata kama gramu 16. Saa nne, kikombe cha maziwa au mtindi, gramu 8. Mchana, matoke au posho (ugali) na kikombe kimoja na nusu cha maharagwe yaliyoiva, karibu gramu 27. Jioni, kipande cha samaki au kuku chenye ukubwa wa kiganja bila vidole, na wali na mboga, kama gramu 25. Ukifunga siku kwa kikombe kingine cha maziwa, umefika 84. Siku ambayo samaki hakuna, weka maharagwe tena, au dengu, au mayai mawili. Mukene (dagaa) nao ni protini safi na bei yake ni nafuu. Wachambue, waoshe mchanga kwa maji ya moto mara mbili, na hakikisha hawakutiwa chumvi.

Mafuta usiyaondoe. Vijiko viwili vitatu vya mafuta ya kupikia kwa siku, au odii kidogo (karanga na simsim zilizosagwa nyumbani) juu ya muhogo, vinampa nguvu bila kumjaza tumbo. Anayetakiwa kupunguza mafuta ni mtu ambaye shida yake ni ini kujaa mafuta kwa unene na kisukari. Mumeo si huyo.

Chakula kikubwa mara mbili kwa siku hakitaingia, kwa sababu maji yanabana tumbo la chakula. Mgawie mara tano au sita, kidogo kidogo. Mlo usioruhusiwa kukosekana ni ule wa kulalia. Ini zima huweka akiba ya sukari ya kutosha usiku kucha. Ini lenye makovu lina ghala dogo, na usiku wa manane huwa limeshamaliza. Kwake, kulala njaa usiku mmoja ni kama mtu mwenye afya kushinda na njaa siku mbili au tatu. Basi saa tatu au saa nne usiku ale wanga wa gramu 50 hivi: bogoya (ndizi mbivu) mbili kubwa, au kikombe kilichojaa cha wali, au bakuli la uji mzito wenye sukari kidogo. Akiamka alfajiri, asikae mpaka saa nne bila kitu. Kutoka mlo wa usiku hadi wa asubuhi zisipite saa kumi.

Nilitolewa maji tumboni, nikapewa spironolaktoni na furosemaidi, dawa za kutoa maji kwa mkojo. Chumvi mezani nimeacha kabisa, lakini mkanda umeanza kubana tena. Nimekosea wapi? — Fundi cherehani, Kawempe

Chumvi ya mezani huwa ndogo. Kubwa ni ile inayoingia kabla chakula hakijafika mezani.

Kiwango chako ni gramu 2 za sodiamu kwa siku, yaani gramu 5 za chumvi, ambayo ni kijiko cha chai kimoja, tena cha kusawazisha, si cha mlima. Hicho ni kwa kila kitu: mchuzi, mkate, chapati, vyote. Kwa hiyo jikoni tumia nusu kijiko tu kwa siku nzima, nusu nyingine imeshatumika ndani ya vyakula vya kununua. Njia rahisi ni kuipima asubuhi, kuiweka kwenye kikaratasi na kuifunga. Ikiisha, imeisha. Kama mnapika sufuria moja nyumbani, pakua chako kabla ya chumvi kutiwa, kisha unyunyizie ya kwako ukiwa unakula. Chumvi ya juu ya chakula ulimi huisikia zaidi kuliko iliyochemka ndani.

Sasa angalia hivi. Unga wa kukolezea mchuzi na vidonge vya supu: soma pakiti, mara nyingi chumvi iko mwanzoni mwa orodha. Rolex ya barabarani (chapati iliyoviringishiwa mayai) ina chumvi ya chapati, ya mayai, na ile anayonyunyiza muuzaji juu ya nyanya. Samaki wa chumvi, kama angara wa West Nile, hata ukimloweka usiku kucha na kubadilisha maji bado ana chumvi nyingi, mwache. Senene wa kukaanga wana protini nzuri, lakini wa mtaani huwa wametiwa chumvi hasa. Msimu ukifika nunua wabichi, wakaange mwenyewe na kitunguu.

Kitu kinachowaponyoka wengi ni magadi na kisula cha kulainishia maharagwe. Mtu husema, "Mimi chumvi sitii, natia kisula." Kisula ni chumvi ya mawe. Hata magadi ya dukani, yale ya kuumulia maandazi, kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya gramu moja ya sodiamu, na hiyo ni zaidi ya nusu ya haki yako ya siku. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Yataiva bila magadi. Ladha itafute kwenye limau, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili na nyanya.

Usikimbilie "chumvi ya afya" ya maduka makubwa wala ile ya kuchuja maji ya jivu. Zote zina potasiamu nyingi, na spironolaktoni huizuia potasiamu isitoke mwilini. Ikizidi kwenye damu inasimamisha moyo, wala haipigi hodi. Matoke na ndizi pia zina potasiamu, lakini kwa kula kwa kawaida hatukukatazi. Hakikisha tu unapimwa damu, figo na potasiamu, kila unapoagizwa.

Maji ya kunywa usijinyime, isipokuwa daktari amekuambia sodiamu ya damu imeshuka sana. Kinachovuta maji tumboni ni chumvi.

Nunua mizani, au panga na duka la dawa la jirani. Jipime kila asubuhi, umeshakojoa na hujala, ukiwa na nguo nyepesi, na uandike. Dawa zikifanya kazi vizuri, unashuka nusu kilo kwa siku, au mpaka kilo moja kama miguu nayo imevimba. Ukishuka kwa kasi kuliko hapo, na hasa ukisikia kizunguzungu ukisimama au mkojo umepungua, dawa zinakukausha na figo ziko hatarini: rudi zipunguzwe. Ukipanda kilo mbili ndani ya wiki, rudi pia. Na tumbo lenye maji likianza kuuma au ukipata homa, hiyo si ya kusubiri siku ya kliniki. Maji yale yakiingia bakteria yanaua kwa siku chache. Nenda siku hiyo hiyo.

Mimi ni mvuvi wa Ziwa Albert. Mwaka jana nilitapika damu, nikaambiwa ni kichocho kimeharibu ini na wengu umekua. Napewa propranolo. Mgongo ukiuma baada ya kuvuta nyavu nachoma sindano ya diklofenaki kwenye duka la dawa. Inaruhusiwa? — Mvuvi, Buliisa

Hairuhusiwi. Acha, ndugu, na ukifika duka lolote la dawa anza kwa kusema, "Nina ugonjwa wa ini, nilishatapika damu." Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na piroksikamu zinachubua tumbo, zinaizuia damu kuganda na zinazibana figo. Wewe una mishipa iliyovimba kwenye umio, koo la chakula, tayari imeshapasuka mara moja. Kwa maumivu tumia parasetamoli ya miligramu 500, isizidi vidonge vinne kwa siku. Watu wanashangaa tukisema hivi kwa sababu wamesikia parasetamoli inaua ini. Inaua ikizidi kipimo. Ndani ya gramu 2 kwa siku ndiyo salama kuliko zote hizo. Angalizo: dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, zihesabu. Na ukinywa waragi (pombe kali) hesabu hiyo inavurugika.

Kichocho chako kimeharibu ini kwa namna yake. Mayai ya minyoo hukwama kwenye vijishipa vinavyoingiza damu kwenye ini, makovu yanaota pembeni ya vijishipa hivyo, damu inakosa njia na kurudi nyuma: wengu unavimba, mishipa ya umio inatuna. Seli zenyewe za ini mara nyingi bado zinafanya kazi, kwa hiyo kula protini yako bila hofu. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo; mwenye kilo 60 anameza vidonge vinne vya 600 baada ya kula. Inaua minyoo iliyomo. Makovu ya zamani inayaacha, na haikukingi ukirudi majini kesho. Kama kazi ni ziwa na huna nyingine, vaa buti ndefu za mpira unaposukuma mtumbwi, oga kwa maji yaliyokaa kwenye ndoo siku mbili au yaliyochemshwa, na umeze dawa kila wanapopita kuzigawa.

Propranolo, ile dawa ya kushusha shinikizo kwenye mishipa hiyo, usiiache ghafla hata ukijisikia mzima. Shinikizo linarudi juu kwa mkupuo. Choo kikiwa cheusi kama lami na chenye kunata, hiyo ni damu imeshuka kwa chini. Panda bodaboda uende hospitali, ila kaa nyuma, usiendeshe wewe.

Mzee wetu siku hizi analala mchana, usiku anazunguka. Juzi alivaa shati kinyume na akamtukana mgeni. Majirani wanasema amepandwa na majini. Ana ini na maji tumboni. — Watoto wake, Mbale

Wanangu, kabla ya kumtafuta mganga muulizeni mzee alienda choo lini. Ini lililochoka likiacha amonia ipite, inafika kwenye ubongo, na dalili ya kwanza mara nyingi ni hiyo ya kugeuza usiku kuwa mchana. Mwambieni anyooshe mikono mbele, viganja vimesimama kama trafiki anayesimamisha gari. Vikipigapiga kama mbawa, ni ubongo ulioathiriwa na ini. Njia nyingine ni kumfanya aandike jina lake kila asubuhi kwenye daftari moja. Mwandiko ukianza kupotea, mtauona kabla hajaanza kutukana.

Mara nyingi kuna kilichochochea: kufunga choo, damu inayovuja tumboni, maambukizi, kuharisha au kutapika, dawa za maji zilizozidi, pombe, au kidonge cha usingizi. Hicho cha mwisho familia humpa kwa nia njema ili alale, na ndicho kinachomzimisha. Msimpe.

Dawa yake ni laktulosi, kwa kawaida mililita 15 hadi 30 mara mbili au tatu kwa siku. Lengo lake ni idadi ya choo: mara mbili hadi tatu kwa siku, choo laini. Mkipata moja, ongezeni kidogo. Mkipata tano au maji matupu, punguzeni, maana kuharisha kunamkausha na kumrudisha kule kule. Wagonjwa wengi huiacha kwa sababu ni tamu mno na inajaza gesi; ichanganyeni na maji ya limau.

Protini msimkate hata sasa. Nyama nyekundu ipungue, maharagwe, maziwa na mayai yaongezeke. Asiendeshe chombo chochote, na asiachwe peke yake na jiko la mkaa. Lakini hali hii ikitokea mara ya kwanza, kama hii yenu, apelekwe hospitali kutafutiwa kichochezi. Laktulosi ya nyumbani ni kwa ajili ya kuizuia isirudi.

Daktari mmoja aliniambia niache karanga kabisa kwa sababu nina homa ya ini B. Sisi huku bila karanga na simsim hakuna mchuzi. — Mama wa watoto wanne, Lira

Karanga nzima haina kosa. Adui ni ukungu unaoota juu yake na kutoa sumukuvu. Sumu hiyo na virusi vya homa ya ini B vikikutana kwenye ini moja haviongezani, vinazidishana, na mwisho wake ni saratani. Kukaanga, kuchemsha wala kutwanga hakuiondoi. Moto wa jikoni haiuhofii.

Nunua karanga zikiwa na maganda, umenye mwenyewe bila kunyunyizia maji. Najua maji yanalainisha ganda na kuokoa vidole, lakini unyevu huo ndio unaoamsha ukungu. Kisha chambua punje moja moja mchana, si kwenye mwanga wa taa: tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizochipua. Ukitafuna moja ikawa chungu, teme. Zilizotupwa usimpe kuku, sumu inaweza kurudi kwenye yai. Karanga zilizosagwa tayari za sokoni ziepuke, maana punje mbaya hupelekwa kwenye mashine mahali ambapo hakuna atakayeziona.

Mkilima wenyewe, anikeni juu ya turubai, si kwenye udongo, mpaka ganda likitikiswa punje zigonge kama njuga. Hifadhini kwenye gunia linalopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mahindi ya posho vilevile. Tia chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, ongeza mahindi, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi kwa kuhifadhi, rudisha juani.

Na kama ini lako limeshaota makovu, piga altrasaundi kila miezi 6 hata kama huumwi popote. Uvimbe wa ini ukisubiriwa uume, huwa umeshakuwa mkubwa.

Asalaam aleikum. Je, nifunge Ramadhani? Nina sirosisi, natumia dawa za maji. — Msomaji, Bombo

Wa aleikum salaam. Kwetu huku karibu na ikweta saumu ni kama saa 13 na nusu, kila mwaka. Ukirejea tuliyomwambia mama wa Arua, utaona mwili wako unaanza kula misuli kabla ya adhuhuri. Mwenye maji tumboni, aliyewahi kutapika damu, kuchanganyikiwa au kuwa na manjano, tunamwambia asifunge. Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, na kwa ugonjwa usiotarajiwa kupona kuna fidia ya kulisha maskini kwa kila siku. La fidia zungumza na sheikh wako. Mwenye makovu ya mwanzo, asiye na dalili yoyote, huenda akafunga baada ya kupimwa. Huyo ale daku zito karibu kabisa na alfajiri, ale tena usiku mara mbili, na sambusa za kufuturu zihesabiwe chumvi yake.

Nimetengewa sahani na kikombe nyumbani kwa sababu ya homa ya ini B. Ni sahihi? — Kijana, Gulu

Si sahihi. Virusi hivi haviambukizwi kwa sahani, kikombe, kushikana mikono wala kupikiwa. Vinapita kwenye damu, ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Vitu vya kutenga ni wembe, mswaki, kikata kucha na mashine ya kunyolea. Damu ikidondoka, vaa glavu, mwagia mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia na tisa za maji, subiri dakika kumi, pangusa. Virusi hivi vinaweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka siku 7. Nyumba nzima wapimwe, wasio na virusi wachanjwe dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Watoto waliozaliwa tangu chanjo hii iingizwe kwenye ratiba ya Uganda mwaka 2002 hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ila angalia kadi, usikisie. Na kama umeandikiwa tenofovi, dawa ya kuvizuia virusi hivi, imeze kila siku. Ukiiacha ghafla virusi vinaweza kulipuka na kuliangusha ini ndani ya wiki chache.

Kwa kifupi: mululuza (majani machungu ya dawa), mairungi (miraa), kahawa, bia moja? — Msomaji, Masaka

Mululuza wa kuchemsha kila siku, hapana: kipimo hakijulikani, na ini lako ndilo litakalolipia. Mairungi, hapana, imeshawaharibu ini hata watu waliokuwa wazima. Bia moja, tonto, malwa, waragi: hapana zote, kwa ini lenye makovu hakuna kiasi kidogo. Kahawa, ndiyo. Vikombe viwili hadi vitatu kwa siku vinahusishwa na makovu kidogo zaidi ya ini, na wewe unaishi katikati ya mashamba yake. Inywe asubuhi na mchana, sukari kidogo, isije ikakunyima usingizi.